Tulikwenda Matema Kutazama Nini?

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari za matembezi ya Kidato cha Nne huko Matema. Naijua desturi yetu: mwandishi hueleza saa ya kuondoka, chakula kilicholiwa na nyimbo zilizoimbwa garini, kisha hushukuru walimu na kuomba safari nyingine. Shukrani nazitoa sasa hivi, nisije nikasahau. Lakini nina neno jingine la kusema juu ya siku ile, na yamkini wengine hawatalipenda. Hata mimi silipendi sana, kwa kuwa ndani yake imo aibu yangu mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, katikati ya Julai. Mtu asiyeijua Kyela hudhani kwamba huku ni joto na matope tangu Januari hata Desemba. Sivyo. Mvua zetu ni nyingi na hukawia kuondoka, hilo ni kweli, lakini zikishapita huja majuma machache ya kipupwe. Anga hutakata, na Milima ya Livingstone, ambayo kwa miezi mingi hujifunika mawingu, husimama mbele ya mtu hata aweza kuhesabu mabonde yake. Mpunga wa mwisho huwa umeanikwa mbele ya nyumba. Asubuhi mtu hutafuta sweta, na mchana mwera huvuma kutoka kusini, mawimbi yakapiga ufuoni kwa kelele. Kwa mwenda kwa miguu hakuna majira mazuri kupita hayo.

Gari lilituchukua alfajiri kupitia Ipinda, likatushusha Matema, na Mwalimu wetu wa Historia akasema kwamba tangu hapo hata jioni hakuna gari tena. Baadhi yetu waliguna, hasa wale waliovaa viatu vipya kwa ajili ya picha. Mimi nadhani Mwalimu alifanya vema. Mtu aliye garini huona migomba ikikimbia nyuma, basi. Mtu aendaye kwa miguu husikia harufu ya samaki wanaokaushwa, humwamkia mzee naye mzee humwuliza, wewe mtoto wa nani? Hujua hata nyumba ipi ina mbwa mkali. Tulifuata ukingo wa ziwa, mchanga ukituingia viatuni, mpaka wale wa viatu vipya wakavivua na kuvitundika shingoni. Nami nilikuwa mmoja wao.

Kila mwanafunzi alipewa karatasi yenye maswali kumi na mawili. Wamisionari walifika mwaka gani? Walitoka nchi gani? Walijenga nini? Wajerumani walitumia bandari zipi? Na mengine ya namna hiyo. Sina ugomvi na maswali hayo, na majibu yake yalinifurahisha.

Tulisimama karibu na kanisa tukaelezwa kwamba mwaka 1891 watu wa Misheni ya Berlin, kiongozi wao Alexander Merensky, walikuja nchi hii kwa njia ya maji, wakapitia Mto Shire hata wakalifikia ziwa, wakaenda nalo mpaka ncha yake ya kaskazini. Mwaka uo huo Wamoravian walianza kazi yao Rungwe. Serikali ya Kijerumani nayo ilijenga boma ufuoni, upande wa mashariki, pakaitwa Langenburg; baadaye wakahamia juu kwenye baridi, na mji ule mpya, waliouita Neu-Langenburg, ndio Tukuyu ya leo. Mizigo yao ilishushwa Mwaya, upande wa magharibi wa hapo tuliposimama. Ukilisikia jina la Mwaya leo huwezi kudhani kwamba palikuwa mlango wa nchi nzima hii.

Kisa kilichotuchekesha ni cha meli. Wajerumani walikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande ikaundwa na kutiwa majini mwaka 1893. Waingereza walikuwa na Guendolen. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa marafiki, walikunywa pamoja walipokutana bandarini. Tarehe 13 Agosti 1914 Mwingereza, aliyekwisha kupata habari ya vita, aliikuta meli ya rafiki yake huko Liuli imevutwa nchi kavu kutengenezwa, akaipiga mzinga. Yasimuliwa kwamba Mjerumani alipiga makasia mpaka kwa mwenziwe, amejaa hasira, akamwuliza kama amelewa. Hakujua kwamba nchi zao zinapigana! Lakini tarehe 9 Septemba mwaka ule kicheko kilikuwa kimekwisha. Wajerumani walikwisha kuuvuka Mto Songwe, na watu wengi wakafa katika mapigano ya Karonga. Na kwa muda wote wa vita vile waliobebeshwa mizigo ya majeshi, wakafa njiani kwa njaa na maradhi, walikuwa Waafrika ambao ugomvi ule haukuwa wao.

Ilipofika saa sita karatasi yangu ilikuwa imejaa. Nilikuwa na majibu kumi na mawili: wamisionari, meli, mizinga, bandari, matofali. Ndipo tukaambiwa tupite sokoni Lyulilo tukanunue ndizi kabla ya chakula. Soko halikuwamo katika karatasi.

Lyulilo iko mwisho wa Matema, upande wa mashariki, pale ambapo uwanda unakwisha na milima inashuka mpaka majini. Kila Jumamosi pana soko la vyungu. Wakisi wa Ikombe huvileta kwa mitumbwi. Ukitazama kwao utaelewa kwa nini: mlima umesimama wima nyuma ya nyumba, ziwa liko mbele ya nyumba, na katikati shamba ni dogo. Basi tangu zamani chakula chao kimetoka udongoni kwa njia nyingine. Wanawake hufinyanga, mitumbwi husafirisha, na vyungu hubadilishwa kwa mpunga, mahindi na ndizi za Wanyakyusa, au siku hizi kwa fedha. Nyumba nyingi za uwandani zimepika na kuweka maji ya kunywa katika udongo wa Ikombe, na wapishi wenyewe hawajapata kufika huko.

Sasa niseme la aibu. Mama yangu ni Mkisi. Bibi mzaa mama anakaa Ikombe, naye ni mfinyanzi. Baba ni Mnyakyusa wa Ipinda, na hapa shuleni mimi ni mtu wa Ipinda. La Ikombe sikumwambia mtu tangu Kidato cha Kwanza. Sababu yake ni ndogo hata naona haya kuiandika. Juma la kwanza bwenini mvulana mmoja wa pwani ile alipewa jina la "Chungu", na jina likamshika. Akianguka mpirani watu hupiga kelele, "Amepasuka!" Mimi nilicheka pamoja nao. Nilipokwisha kucheka mara ya kwanza sikuona tena pa kurudia.

Basi tulipoingia sokoni nilimwona bibi ameketi mchangani, miguu ameinyosha, kitambaa cha buluu kichwani, na vyungu kama kumi na vitano mbele yake. Nikageuka. Nikaenda nyuma ya magunia ya mpunga nikainama, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Na viatu vyenyewe, ndugu msomaji, vilikuwa shingoni.

Wenzangu wakafika kwake. Msichana mmoja aligonga chungu kwa kidole kusikia mlio wake, akauliza bei. Mvulana mmoja akasema kwa Kiingereza kwamba vitu kama hivi mahali pake ni nyumba ya makumbusho, na watatu wakacheka. Bibi hajui Kiingereza, lakini kicheko anakijua.

Mwalimu hakucheka. Alichuchumaa, akaamkia, akauliza vyungu hivi hufanyizwaje hata vikawa na mviringo sawa namna ile, na hali gurudumu la mfinyanzi hakuna. Bibi akachukua kigae kikubwa, tako la chungu kilichovunjika, akakiweka mchangani na kukizungusha kwa mkono mmoja. Donge la udongo hukaa humo ndani, akasema; kigae huzunguka, na mikono huupandisha udongo juu kidogo kidogo. Kisha ni kukwangua mpaka ukuta uwe mwembamba, kulainisha kwa jiwe, kupaka rangi ya udongo mwekundu, kukausha, na mwisho kuchoma kwa nyasi na kuni mahali pa wazi. Upepo ukibadilika ghafula siku ya kuchoma, kazi ya siku nyingi hupasuka kwa saa moja. Kwa hiyo mfinyanzi lazima aujue mwera kama mvuvi aujuavyo.

Yote hayo niliyasikia kutoka nyuma ya magunia, na mengine nilikuwa nayajua tangu utoto, maana kokoto za kulainishia niliziokota mimi kila tulipokwenda kwake likizo. Ndipo nikatoka. Sitaki mtu aseme ni ushujaa. Wachukuzi walikuwa wakipakia magunia yale, na maficho yangu yalikuwa yanakwisha.

Nikapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu, wala hakupaza sauti. "Nimekuona tangu ulipofika. Nikasema labda mna mtihani, mmekatazwa kusema na watu."

Hakuna aliyecheka. Yule mwenzetu aitwaye Chungu alikuwa amesimama kando, akanitazama. Hakusema neno, wala mimi sikusema. Hata leo hatujazungumza sawasawa juu ya jambo lile, ila tangu siku ile namwita kwa jina lake.

Nimefikiri sana tangu wakati huo, na maoni yangu ni haya: karatasi ile ilitufundisha jambo ambalo hakuna aliyekusudia kutufundisha. Ilitufundisha kwamba historia ya ufuo huu ilianza mtu wa mbali aliposhuka katika chombo, na kwamba mwenyeji aliyesimama ufuoni akimtazama hakuwa na historia ila kumtazama tu. Swali moja tu juu ya soko lingetosha kutufanya tuketi mchangani na daftari, na pengine hata mimi nisingetafuta magunia. Watoto hudharau upesi kitu ambacho karatasi ya shule imekiruka.

Ajabu ni kwamba ufinyanzi umo katika masomo yetu. Tulipokuwa vidato vya chini tulikariri kwamba jamii za Afrika kabla ya ukoloni zilikuwa na ufinyanzi, uhunzi na utengenezaji wa chumvi. Nilipata alama nzuri. Niliandika kwamba jamii hizo "zilikuwa" na ufinyanzi, na juma lile lile bibi yangu alikuwa akichoma vyungu.

Wengine waliona kabla yetu. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Monica Wilson wa Afrika Kusini na mumewe Godfrey walikaa katika nchi ya Wanyakyusa, wakajifunza lugha, wakawauliza watu habari za vijiji vya rika, ambavyo vijana wenyewe walijijengea mbali na nyumba za baba zao. Na vitabu vyao vinasomwa katika vyuo vikuu mpaka leo. Mwaka 1977 Mtanzania, S. A. C. Waane, alitoa makala juu ya ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe, ikachapishwa Ujerumani. Tazama mambo! Msomaji wa Berlin aliweza kujua habari za kigae kinachozunguka, na mimi mjukuu wa mwenye kigae nimejificha nacho.

Katika maktaba nilisoma pia habari za Korea. Majeshi ya Japani yaliivamia nchi hiyo kati ya mwaka 1592 na 1598, na waliporudi kwao waliwachukua mateka wafinyanzi wengi wa Kikorea. Kwa mikono ya mateka hao vyombo vya kaure vilianza kufanyizwa huko Arita, vikapata sifa dunia nzima. Maana yake mabwana wale wa vita waliona kwamba mtu ajuaye udongo anafaa kuibwa, kama dhahabu. Sisi wetu hawajaibwa, wanakuja kila Jumamosi na wanasalimu kwanza.

Nasikia majibu ya wenzangu bwenini. Wa kwanza husema chungu hupasuka na ndoo ya plastiki haipasuki. Kweli kabisa. Lakini ndoo yetu ya maji ya kunywa, saa nane ya mchana mwezi wa Novemba, ina maji yafaayo kuoga mgonjwa. Chungu hutoa jasho: maji kidogo hupenya ukuta wake, hukauka kwa hewa, na katika kukauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Hiyo ni Fizikia tuliyofundishwa ubaoni, na watu wameifanya Ikombe pasipo ubao.

Wa pili husema mtihani wa taifa hautauliza juu ya Lyulilo. Huenda ni kweli, lakini mtihani hutudai mifano, na mwanafunzi aliyeona kitu kwa macho yake hutoa mfano wake pasipo kukariri. Wa tatu husema nataka majengo ya misheni yasitazamwe. Hasha. Nimezaliwa katika hospitali ile ya Matema, na kanisa lile ndilo walilofungia ndoa wazazi wangu. Nataka tuyatazame hayo, kisha tutembee hatua chache mbele.

Wala sitaki bibi yangu ageuzwe maonyesho, watoto wakimzunguka na kumpiga picha kisha wakaenda zao. Yeye ni mfanyabiashara. Atakaye kumheshimu na anunue. Siku ile tulikuwa wanafunzi arobaini na mbili, na vyungu vilivyonunuliwa vilikuwa viwili, kimoja na Mwalimu. Cha pili kilinunuliwa na yule msichana aliyekigonga kwa kidole. Alimwambia bibi "ndaga fijo", akakipakata garini njia nzima mpaka shuleni, na kingali kizima.

Jambo moja lanitia wasiwasi kuliko kicheko cha wenzangu. Bibi alifundishwa kazi hii na mama yake. Mama yangu anaijua, lakini haifanyi; anauza nguo Ipinda, na pato lake ni zuri kuliko la vyungu. Dada yangu haijui. Bibi mwenyewe hamlaumu yeyote. Nilipomwuliza alisema udongo huumiza mgongo, na kwamba anataka dada awe mwuguzi. Nami nataka awe mwuguzi. Kwa hiyo sina dawa kamili ya jambo hili, wala sipendi watu wa mjini wanaowaambia wanakijiji wabaki na mila zao ili wao wapate cha kutazama. Najua tu kwamba bei ya chungu ikipanda na wanunuzi wakiongezeka, pengine msichana mmoja kati ya kumi ataona kazi hii inafaa. Na wanunuzi twaweza kuwa sisi.

Kwa sababu hiyo namwomba Mkuu wa Shule, kwa heshima, atununulie vyungu vinne, kimoja kwa kila bweni, na kata zake. Viranja watavilinda. Kikipasuka, aliyekipasua ataenda Lyulilo kwa gharama yake kununua kingine, na hiyo haitakuwa adhabu mbaya hata kidogo. Kadhalika namwomba Mhariri aache ukurasa mmoja wa jarida hili kila muhula kwa ajili ya maneno ya wazee wa huku, yaandikwe kama walivyoyasema: jinsi mtumbwi unavyochongwa, jinsi mbasa anavyovuliwa akipanda mito, nani alikuwa akipitisha nini pale Songwe kabla ya vituo vya forodha. Na Kidato cha Nne cha mwakani wasiishie Lyulilo. Wafike Ikombe.

Mwalimu ameyasoma maandishi haya kabla ya Mhariri. Amesema swali la kumi na tatu litaongezwa katika karatasi, ila nilitunge mimi. Nimejaribu mara tatu, na kila mara linakuwa refu mno.

Likizo fupi ya Septemba nitakwenda Ikombe. Wenzangu wanne wamesema watakuja. Mmoja wao kwao ni huko huko, naye atatutafutia mtumbwi, na mwingine ameuliza kama ni lazima kujua kuogelea. Bibi ametuma habari kwamba tuondoke Lyulilo alfajiri kabla mwera haujaamka, tumletee chumvi na sabuni, na tusije na viatu vipya.